Wifi Analia Begani Kwangu, na Kielelezo Chake Kiko Kwenye Pochi Yangu

Mpendwa Shangazi, naomba msaada wako, na naomba usinitukane mpaka ufike mwisho wa barua, maana mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nina miezi mitano tu katika ofisi ya serikali inayokagua mifumo ya kompyuta ya idara nyingine, yaani tunakwenda kuangalia nani anaruhusiwa kufungua nini, nani amebadilisha nini na lini, na kazi hii Shangazi niliitamani tangu niko chuoni, tangazo nililiona mimi, nikampelekea wifi yangu, mke wa kaka yangu, kwa moyo mweupe kabisa kwa sababu alikuwa amekaa tu nyumbani na mtoto na cheti chake kabatini, tukaomba wote, tukaitwa wote, tukapata wote, na tangu siku hiyo sina raha.

Sina raha kwa sababu anayeng'ara ni yeye. Nikisema jambo kikaoni, kimya. Akilisema yeye dakika tano baadaye, bosi anaandika. Nyumbani ndiyo usiseme, mama yangu mzazi, aliyenizaa mimi, simu ikimgandia anamwita yeye kutoka jikoni, "Mwanangu mkaguzi, njoo unitazamie hii," na mimi nimekaa naye kochi moja, kitambulisho cha kazi kimening'inia shingoni! Naona wivu, Shangazi, siupambi. Nikisikia viatu vyake kwenye korido nainamia kompyuta yangu nisimwone.

Basi mwezi uliopita tulikwenda kukagua idara moja ya maji, mimi nikapewa kuangalia kama wafanyakazi wanapeana nywila, nikaandika hoja ndefu ya kuwasema, na wifi akapewa kuangalia majina ya wanaotumia mfumo, akagundua kuna mama aliyestaafu miaka mitatu iliyopita lakini jina lake bado linaingia kwenye mfumo kila Ijumaa na kubadilisha usomaji wa mita za watu. Bosi alisimama kwenye kiti kumpigia makofi. Wifi akaitoa orodha ya siku zote ambazo jina lile liliingia, akaihifadhi kwenye jalada letu la kompyuta iwe kielelezo, maana kwetu hoja bila kielelezo ni umbea, na idara ya maji walipoona tumeshtuka wakalifuta jina na kumbukumbu zake zote, kwa hiyo orodha ile haipatikani tena popote.

Siku tatu baadaye mtoto wake akapandwa na homa, akanipigia kutoka hospitali, "Wifi, nakuomba, ingia kwa paswedi yangu, mtumie bosi ile ripoti." Nikaituma. Halafu nikaiona orodha imekaa pale, nikaihamishia kwenye flashi yangu na kuifuta jaladani. Sikuwa nimepanga, nilitaka tu apitishe wiki moja bila kusifiwa.

Sasa wiki iliyopita bosi akamwambia aionyeshe, akaitafuta mbele ya watu kumi asiione, na bosi akasema, "Idara ya maji wanatuita waongo, na aliyetufikisha hapa ni wewe." Jumatatu ijayo kinakaa kikao cha kuamua nani katika sisi wapya atathibitishwa kazini, na yeye ameshaambiwa ajiandae kuondoka. Jumamosi alikuja chumbani kwangu akalia begani kwangu, akasema, "Paswedi yangu unaijua wewe tu, wifi, na wewe huwezi kunifanyia hivyo. Basi nimeifuta mwenyewe bila kujua." Pochi yenye flashi ilikuwa pale kitandani, katikati yetu.

Shangazi, nikiingia tena kwa nywila yake nikairudisha kimyakimya, si mambo yatakwisha? Kaka na mama si hawatajua?

Ni mimi, Mwenye Pochi.

SHANGAZI ANAJIBU

Mwenye Pochi, nimefika mwisho kama ulivyoomba, kwa hiyo sasa nina ruhusa.

Wivu wako nauelewa. Mama kukuruka kwenye kochi lako mwenyewe kunauma, na ungeniandikia hilo tu ningekupa pole na kumwandikia mama yako maneno mawili. Lakini wewe umewaandikia watu wa maji hoja ndefu kwamba wanapeana nywila, halafu ukachukua nywila ya mwenzako ukamwibia! Mchimba kisima huingia mwenyewe, na wewe umeingia na koleo mkononi.

Kabla ya safu hii nilikuwa karani wa masjala kwa miaka kumi na tisa. Faili likipotea tulikuwa tunatafuta. Faili likirudi lenyewe asubuhi, hatukutafuta tena, tulimtazama mtu ambaye jina lake liko kwenye kadi ya kuazima. Sasa niambie, mkaguzi: ukiirudisha kwa nywila ya wifi, mfumo wenu utaandika jina la nani? Utaandika kwamba wifi aliifuta, na wifi akairudisha siku chache kabla ya kikao. Leo bosi anamwona mzembe, na Jumatatu atamwona mhuni. Huko ndiko unakotaka kumpeleka kwa kumsaidia. Wewe kazi yako ni kusoma kumbukumbu hizo, na ilipofika zamu yako umezisahau.

Usiiguse kompyuta. Usiifungue hata hiyo flashi, ibaki kama ilivyo. Leo hii, si kesho, mwite wifi yako chumbani pale pale alipolia, umwekee mkononi na umwambie neno kwa neno ulichofanya. Usianze na "nisamehe", anza na "ni mimi". Usimwambie kuhusu kochi na simu ya mama, kwa sababu hayo yatamfanya akuhurumie na huna haki ya huruma yake leo. Akikupiga kofi, lipokee.

Kesho asubuhi nendeni wote wawili kwa bosi, lakini anayezungumza ni wewe, na maelezo yako yawe kwenye karatasi yenye sahihi yako. Wifi naye atajibu kwa kukupa nywila, ni kosa lake, na atalibeba. Lakini ni kosa la mama mwenye mtoto hospitali, si la mwizi. Wewe huenda Jumatatu hutathibitishwa. Sikudanganyi, nadhani hutathibitishwa. Kaka na mama utawaambia mwenyewe jioni hiyo hiyo, kabla hawajasikia kwa mtu mwingine.

Najua unachokihofia zaidi, kwamba mama atabaki na mkaguzi mmoja, na si wewe. Inauma, lakini utaishi.

Wifi yako alikwambia wewe huwezi kumfanyia hivyo, na uliweza. Sasa nenda kamwambie, kabla hajamaliza kujilaumu kwa kosa lako.