Sange wa Mjomba Beno

Jumatatu, 3 Juni 2024

Wamemchagua Digna! Mdogo wangu, aliyekuwa akipiga mayowe akiona panya ghalani. Eti ndiye atakayetufundisha wategaji wa Katindiuka wanyama gani wanaruhusiwa na gani ni marufuku. Mwenyekiti alisema wanataka mtu aliyesoma. Haya, kamaliza kidato cha nne, anaongea vizuri, ana simu kubwa. Mimi natega tangu darasa la tatu. Nikiona matete yamelala najua kapita ndezi. Nikiona udongo mdomoni mwa shimo najua ndani kuna buku, yule panya mkubwa. Nani kaniuliza? Hakuna.

Nilipiga makofi. Nilipiga sana, hadi mjomba Beno akageuka kunitazama.

Jumatano, 5 Juni

Wamempa fulana ya kijani na karatasi yenye picha za wanyama. Mama kaifua fulana — haijavaliwa hata mara moja! Jirani Odilia kaja kutoa hongera, kakaa hadi chai imeisha. Nikaingia na buku watatu wanono. Mama hata hakunyanyua macho. "Weka hapo."

Weka hapo!

Jumapili, 9 Juni

Mkutano wa kwanza wa Digna, baada ya misa. Panya wa shambani na buku, ndani ya shamba lako, ruksa, maana wanamaliza mpunga. Ndezi, mpaka uwe na kibali. Ukiingia msitu wa hifadhi usiguse kitu. Na mnyama usiyemjua, uliza kwanza.

Nilikaa nyuma nikiomba akosee. Hakukosea. Watu wakacheka alipowaigiza wanaojificha na mitego wakisikia pikipiki ya bwana nyama, afisa wa wanyamapori. Mimi pia nilitaka kucheka, nikajizuia.

Halafu mzee Fulgensi, aliyenifundisha kufukiza moshi mashimoni baada ya Baba kufariki, akasema mbele ya wote kwamba binti huyu ana kichwa. Miaka yote niliyomfuata na jembe, mimi aliniambia neno moja tu: bado.

Alhamisi, 13 Juni

Digna kanifuata shambani, nikiwa nachimba. Kanipa simu nitazame picha. Mjomba Beno kamtumia: mnyama kanasa kwenye kichaka nyuma ya shamba lake, anasema wapo wengi.

"Kaka, huyu naye ni panya? Kwenye karatasi yangu hayupo."

Pua ndefu kama mkonga. Miguu ya nyuma mirefu. Sange! Nilimjua kabla hajamaliza kuuliza. Wala si panya. Marufuku kabisa, mzee Fulgensi alitukataza tangu zamani, na bwana nyama alikwishamkamata mtu wa ng'ambo ya mto kwa ajili ya hao hao.

Mdomo ulikuwa tayari kusema. Halafu nikaiona ile fulana. Imepigwa pasi.

Nikasema: "Panya tu huyo. Mwambie atege."

"Asante kaka. Bila wewe ningeumbuka."

Akaondoka anaandika kwenye simu. Nikaendelea kuchimba. Shimo likafika kiunoni, buku hakuna.

Ijumaa, 14 Juni

Sijamwambia. Kesho.

Jumamosi, 15 Juni

Nilikwenda kweli. Nilifika hadi mlango wa jikoni, maneno ninayo: Digna, yule mnyama, mpigie mjomba sasa hivi. Ndani nikamsikia Mama anamwambia Odilia, afadhali katika watoto wake mmoja katoka na akili.

Nikageuza. Nikaenda kukagua mitego ambayo nilikuwa nimeshaikagua.

Jumanne, 18 Juni

Mjomba Beno kakamatwa jana barabarani, anakwenda Malinyi kumwona dada yake. Kwenye mfuko sange watano, wamekaushwa. Kalala ndani. Kawaambia hajaiba kitu, Digna ndiye kamruhusu, na ujumbe kwenye simu anao.

Leo asubuhi bwana nyama kaja nyumbani. Anaitwa Sylvester, mtu mpole, kamwamkia Mama shikamoo kabla ya kukaa. Kisha akamuuliza Digna nani alimwambia kwamba wale ni panya.

Digna alikuwa amesimama katikati ya ua. Hakunitazama hata kidogo.

"Hakuna. Nilikosea mwenyewe."

Sylvester akasema basi avue fulana, aende kuandika maelezo. Mama akaanza kulia. Halafu — Mama yangu! — akanishika mkono akanivuta mbele: "Mchukueni Fidelis, mwacheni huyu mtoto. Fidelis anawajua wanyama wote, tangu mdogo!"

Sijawahi kumsikia akisema hivyo. Kumbe alikuwa anajua.

Sylvester akanionyesha picha kwenye simu yake. Huyu unamfahamu?

"Sange!" Haraka hivyo. Kifua mbele, kama mtoto darasani! Nikaongeza kwamba si panya, utamjua kwa pua na miguu.

Sylvester akafurahi. Kumbe mtu kama mimi ndiye waliyemhitaji. Niende naye nikawatambue wale watano, nisaini, na kazi ya Digna wataniombea mimi.

Hapo ndipo Digna aliponitazama. Alikuwa anakumbuka shambani, nilimwona akikumbuka.

Nimesema naingia kubadili shati. Naandika nimesimama, daftari juu ya gunia la mpunga. Pikipiki imeshawashwa. Mama kanyamaza kulia, anamwambia Sylvester mimi nilivyokuwa mtoto.

Ninachokitaka tangu Jumatatu ile kiko pale nje. Neno moja nikilisema, kwamba ni mimi niliyemdanganya, Digna anabaki na kazi yake. Nisiposema —

Ananiita yeye mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Kaka, toka. Wanakusubiri."