Pampu Iliyoombewa Haikufika Rongo

Mpendwa mshauri Trizah, naomba msaada, na tafadhali ukisoma hewani usilifiche jina langu, mimi ni Bitutu, mama Joyline, wa Suna, na hao ninaowasema wanakusikiliza kila asubuhi wakinywa chai, acha wasikie. Nauza samaki, nina gari, probox niliyoinunua kwa jasho la samaki hao hao, nachukua mzigo Karungu nauza hapa Suna, na siku za soko naupeleka mpaka Kosele, naendesha mwenyewe, na tangu nianze kuendesha watu wa kwa mume wangu hawajapata usingizi, eti mwanamke na gari la mzigo wapi na wapi, lakini viti vya harusi zao vinabebwa na hilo hilo gari, basi nikawaacha waseme.

Sasa mwaka huu gari likaanza madeko, asubuhi nazungusha ufunguo linalia tu bila kushika mpaka jirani anachungulia, likishika linaenda vizuri kwenye tambarare, lakini likiona mlima na nina mzigo linarukaruka kama lina kwikwi, na chini ya kiti cha nyuma kuna kitu kinavuma kama nyuki, na mimi kusema kweli huwa siweki mafuta mengi, naweka ya kwenda na kurudi, ile taa ya manjano ya mafuta nimeizoea kama taa ya nyumba, na mara nyingine nanunua petroli ya mitungi inayotoka ng'ambo ya mpaka kwa sababu ni nafuu, biashara ni hesabu. Fundi mmoja wa kando ya barabara akasema pampu ya mafuta imekufa, tafuta nyingine, nikaenda kwa shemeji Ratemo, kaka mkubwa wa mume wangu, ana duka la spea hapa Suna na ni mzee wa kanisa letu la Sabato.

Mshauri, kwa Ratemo hununui kitu ukatoka hivi hivi. Akishakuuzia anaweka kiganja juu ya boksi, anafunga macho anaiombea spea, anaombea magurudumu, anaombea barabara na adui zako wote, na wewe ukishasema amina utamwombaje risiti, utafunguaje boksi uangalie kilichomo, si itakuwa kama unamdai Mungu stakabadhi? Hakuna anayefungua. Mimi pia sikufungua, akanipa kwa bei ya kifamilia nikasema asante shemeji, Bwana akubariki, yule fundi akaifunga, na ile ya zamani sijui aliipeleka wapi.

Mwezi haukuisha kwikwi ikarudi. Nikamwambia Ratemo, akacheka mbele ya wateja: "Mama Joyline, pampu haina shida, shida ni mguu! Nyinyi akina mama mnakanyaga mafuta kama mnakanyaga cherehani." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao huku moyo unaniuma.

Halafu wiki iliyopita nikienda Kosele na Kezia, rafiki yangu wa Karungu tunayeuza naye, tumeshapita Awendo, Rongo hatujafika, mbele yetu trekta la miwa linatambaa, nikaangalia barabara iko wazi, nikatoka nilipite, na pale katikati, nikiwa sambamba na tela, gari likakata nguvu. Nakanyaga, hakuna kitu. Mbele lori linakuja linanimulika. Kezia akapiga kelele "Nyasacha!" na mimi sikuweza hata kumwita Mungu, nikakata kulia nje kabisa ya barabara tukaingia kwenye shamba la miwa, samaki wakamwagika juu yetu, na lori likapita. Tuko wazima, lakini kuna siku Joyline wangu hukaa kiti cha nyuma.

Gari likavutwa mpaka kwa Zadock, fundi mwingine hapa Suna, akang'oa kiti cha nyuma, akaichomoa ile pampu kidogo akaichungulia, akasema, "Mama, hii ni toi. Feki tupu, haina hata namba mwilini," akairudisha. Mayoo! Sikungoja la pili. Nikaenda mpaka dukani, nikawakuta wateja wale wale waliocheka, nikasema kwa sauti, "Shemeji, hii pampu uliiombea iniue?" Unajua alinijibu nini? "Risiti iko wapi?"

Sasa mimi ndiye nimekuwa mbaya, nimemwaibisha mzee wa kanisa. Jumapili kuna kikao kwa Ratemo, natakiwa nipige magoti niombe msamaha, gari lipelekwe kwa fundi wao alikague, na mume wangu Mokua, mtu mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, ameniambia, "Omba tu yaishe, Mama Joyline, na ufunguo tumpe Cliff akuendeshee, watu watulie." Cliff ni mtoto wa Ratemo. Mshauri, mimi siombi msamaha, nasema siombi, lakini je, nikikataa nitakuwa nimevunja nyumba yangu kwa sababu ya pampu? Nishauri, ila usiniambie ninyamaze, maana kwa huyo mtu nimenyamaza miaka yote.

Bitutu, Suna.

TRIZAH ANAJIBU

Mama Joyline, pole. Pole sana, na Kezia naye mpe pole yangu. Kukoswa na lori si jambo dogo, na mtu anayekutaka upige magoti kabla hajakuuliza kama umeumia, huyo sijui huwa anamwomba Mungu gani.

Sasa nikuchape kidogo, kwa sababu umejitafutia. Taa ya manjano umeizoea kama taa ya nyumba! Haki ya nani, mama! Kabla sijaketi mbele ya hii maikrofoni nilikuwa na pikapu ya kubeba mchanga kule Homa Bay, kwa hivyo hapa hunidanganyi. Pampu ya gari lako imekaa ndani ya tangi, na kinachoipoza ni yale mafuta yenyewe. Ukitembea na tangi tupu kila siku inaungua kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Na hiyo petroli ya mitungi ina maji, ina kutu, ina mchanga wa njia zote ilizopitishwa, na pampu inavuta yote. Ile ya kwanza usimsingizie mtu. Uliiua wewe.

Ya pili je? Hapo wewe hujui, na mimi sijui. Zadock alichungulia, hakupima. Kukosa namba ni dalili mbaya, nakubali, lakini waya mbovu unaweza kukata gari hivyo hivyo, na filta iliyozibwa na uchafu wa mitungi yako pia inaweza. Ulikwenda dukani na hasira ya haki na mikono mitupu, ndiyo maana neno moja tu, risiti, likakufunga mdomo.

Kwa hivyo nisikilize vizuri. Gari hilo lisiguswe na fundi wao. Lisiguswe kabisa! Ijumaa mchana, kabla Sabato haijaingia, Zadock alete geji ya kupima presha ya mafuta. Mwalike Ratemo mwenyewe, na fundi wake aje akitaka, wasimame hapo waone. Weka mafuta safi ya kituo, tangi lifike nusu. Kwanza geuza ufunguo bila kupiga stata na usikilize nyuma, maana pampu yenye uhai huvuma kidogo kisha ikanyamaza. Zadock aangalie fyuzi na rilei, apime kama umeme unaofika kwenye pampu unatosha, abadilishe filta. Baada ya hapo ndipo geji ifungwe kwenye paipu ya mafuta, gari liwashwe, likanyagwe, na mshale uangaliwe na kila mwenye macho.

Mshale ukisimama pale ambapo kitabu cha gari kinasema usimame, na ukakaa hapo hata gari likinguruma, basi pampu ni nzima na wewe ulimkosea Ratemo. Utamwomba msamaha, mbele ya watu kama ulivyomtukana mbele ya watu, na uombe kwa moyo. Lakini mshale ukianguka, na umeme upo, na filta ni mpya, pampu hiyo ni takataka. Hapo hakuna msamaha wa kuombwa, na hata waite vikao mpaka Krismasi usiinamishe kichwa. Afadhali waseme una kiburi kuliko waje kukusomea wasifu makaburini.

Ukienda kununua nyingine, udugu uache nyumbani. Chukua hiyo iliyotolewa na namba ya chesi ya gari, nenda duka linaloandika risiti yenye jina lake na muda wa dhamana. Boksi lifunguliwe hapo hapo kaunta. Fananisha soketi, pima uzito kwa mkono, tazama chujio la chini, tafuta namba zilizochongwa kwenye pampu yenyewe, maana boksi mtu yeyote anaweza kuchapisha. Ukisikia bei tamu mno, toka. Na fundi akishafunga mpya, ile ya zamani inarudi mkononi mwako, usimwachie. Maombi ni mazuri, shemeji aombe tu, ila aombe boksi likiwa wazi.

Mzee Mokua, najua unanisikia, kikombe kiko mkononi. Upole wako tunaupenda. Lakini mkeo nusura arudishwe nyumbani ndani ya sanduku, na wewe unatafuta jinsi watu watatulia? Watu gani hao? Ijumaa uwe karibu na hiyo geji, na Jumapili uketi upande wa mke wako.

Mama Joyline, umeniuliza kama utavunja nyumba. Tazama walivyokufanyia: wamefunga mambo mawili kwa kamba moja, msamaha na ufunguo. Yafungue. Labda ulikosea kuhusu pampu, labda hukukosea, hilo geji itasema Ijumaa. Ufunguo hauhusiki. Sijawahi kuona mwanamume akinyang'anywa gari kwa sababu amegombana na mwenye duka. Cliff akitaka kuendesha, auze samaki anunue lake. Nyumba inayosimama kwa sababu mama amenyang'anywa mkate wake ilishaanguka zamani, ni vile tu hamjatoka nje mkaona.

Basi Jumapili usiendeshwe na mtu. Gari likishatengenezwa, endesha mwenyewe mpaka mlangoni kwa Ratemo, ingia, salimia wazee kwa heshima zote, sema geji ilisema nini, liwe zuri kwako au baya. Ukimaliza, inuka. Na yeyote atakayenyoosha mkono akitaka ufunguo, mpe mkono wa kwaheri, kisha uende zako Karungu ukachukue mzigo.