Anayebonyeza Ruhusu

Ijumaa, 14 Juni

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Wifi hajambo? Kile kikohozi kimemwacha, au bado anakunywa tangawizi huku akilalamika? Sisi huku wazima. Mama anawasalimu kwa sauti kubwa, utadhani kalamu yangu ina masikio. Goti la Baba linamsumbua akipanda ngazi, ila ukimuuliza atakwambia ngazi ndizo mbovu.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu anayekutumia ujumbe kila mara. Lakini simu Mama huiweka spika mpaka jirani anachangia mazungumzo, na kompyuta nayo siku hizi unaichungulia wewe. Nimeona heri niandike kwa mkono.

Kwanza nikushukuru. Uliponiambia niwashe ile njia ya kuingia kwenye skrini yetu kutoka huko uliko, ili utusaidie michoro ya karakana ya Baba iliyokuwa ikinishinda, nilidhani unanitwisha kazi ya wahandisi. Kumbe njia yenyewe imo humo humo ndani ya kompyuta, hakuna cha kununua. Nilifungua mipangilio, nikatafuta sehemu ya kushiriki skrini, nikaiwasha, nikachagua kwamba anayetaka kuingia aombe ruhusa kwanza. Kisha nikanywa chai, nikarudia yote kuhakikisha. Unanijua.

Mshale ulipoanza kutembea wenyewe, Mama alivua aproni, akafuta vumbi mezani, akakukaribisha na kukuuliza kama umekula. Nilimweleza kwamba unaona skrini tu. Humwoni yeye wala chumba. Akasema sasa hiyo ni ziara gani, mgeni haoni hata kiti alichowekewa.

Baba alikuwa kibarazani akipiga msasa mguu wa meza. Unajua hali ilivyo tangu uliposema karakana huitaki, ukaenda kuajiriwa. Jina lako halitaji, na ukipiga simu ghafla anakumbuka kazi nje. Lile neno lake, kwamba usikanyage hapa mpaka akuite mwenyewe, hajalifuta. Siku ile aliniuliza kitu kimoja tu, bila kuinua kichwa: ni kweli huyo wa upande wa pili haoni watu? Nikamjibu ni kweli. Akaendelea na msasa.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumapili ulinishukuru kwa kukufungulia kila Alhamisi, ukasema unaona haya kunisumbua, kwa hiyo wiki ijayo utanielekeza kuweka nenosiri ili uwe unaingia moja kwa moja bila kuomba. Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Kaka, Alhamisi mimi niko dukani mpaka jioni. Mama huwa kwenye kikundi chao cha kushona, na hata angekuwapo, kile kipanya anakiogopa kama panya mwenyewe.

Jana niliomba ruhusa kazini, nikarudi mapema. Niliingia kimya kimya, nikasimama ukumbini.

Baba alikuwa amekaa mbele ya kompyuta. Alikuwa ameoga, vumbi lote la mbao limemtoka, amevaa miwani na shati lililopigwa pasi. Alikuwa anangoja. Kisanduku kilipotokea kwamba unaomba kuingia, alilisoma jina lako kwa sauti ya chini, lote, mpaka la ukoo. Kisha akabonyeza Ruhusu kwa nguvu, kama anayepigilia msumari. Akaondoa mkono kwenye kipanya asije akakuharibia, akauweka gotini, akawa anakutazama unavyofanya kazi. Ulipokosea kipimo cha mlango wa kabati alisonya, akanung'unika kwamba mtoto huyu toka zamani hajui bawaba inakula nafasi kiasi gani. Ulipogundua mwenyewe ukarekebisha, alicheka. Alicheka hasa, mabega yakatikisika. Nilitoka taratibu, nikarudi kuingia upya kwa kishindo. Nikamkuta kibarazani, ananiuliza mbona nimewahi.

Kaka, nakuomba lile nenosiri tuliache. Ukianza kuingia bila kuomba, utamnyima nafasi ya kukukubalia, na kwa mdomo bado hawezi. Nyinyi wawili kwa ubishi mmetoka kiwanda kimoja. Endelea kuomba, kila mara, hata kama hakuna mchoro wa kupanga.

Barua hii naituma kwa basi la asubuhi ikufikie kabla ya Alhamisi. Siku hiyo, ukimaliza kazi, usitoke haraka. Fungua ukurasa mtupu. Usiulize ni nani aliyepo. Andika shikamoo tu, kisha usubiri, hata ukiona kimya. Anatafuta herufi moja moja.

Mkumbatie wifi kwa niaba yangu, na umwambie tangawizi aongeze asali. Mama anasema mle mshibe.

Mdogo wako anayekupenda,
Katibu wa familia