Uso wa Usingizini

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili asubuhi, mvua ikinyesha.

Mpendwa binti yangu,

Hujambo, mwanangu? Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekuachia. Mumeo na pacha hawajambo? Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Goti langu hununa mvua ikinyesha, na masikio yananifanya niulize kila jambo mara mbili, lakini chai bado naisikia ladha yake. Nashukuru.

Picha ulizotupiga na sauti ulizoziambatanisha zilifika salama kwenye kompyuta ya mdogo wako. Niliibeba hadi chumba cha kusafishia damu, kama ulivyoniomba, ili wenzangu wajione kabla watu wa mbali hawajawaona.

Huko kwenu wakikuuliza ugonjwa wetu ni nini, waeleze hivi: figo zikichoka, damu hutolewa mwilini kwa mrija mmoja, hupita kwenye chujio, kisha hurudi kwa mrija mwingine. Ni kama kuosha mchele, ila mchele ni wewe. Katikati ya kazi hiyo presha hushuka, na mtu huanza kuelea. Dari hugeuka maji. Mashine huvuma polepole, kama mtu anayeimba amefumba mdomo, na wauguzi huongea kutoka mbali, kutoka chumba cha pili cha ndoto. Juzi niliwaona wanafunzi wangu wa zamani wamekaa safu mbili juu ya dirisha, wamenyamaza kimya, jambo ambalo darasani hawakuwahi kulifanya.

Yote hayo umeyanasa, sijui kwa ufundi gani. Nilipotazama picha zako nilihisi mwili unakuwa mwepesi, nami niko kwenye kiti cha kawaida, sina mrija wowote.

Wenzangu walifurahi. Mama wa duka la vitambaa aliomba tu umpunguzie kidevu. Aliyekataa ni mmoja, Kinyozi, yule jirani wa kiti changu. Najua ndiye uliyemtaka kuliko wote. Uliniandikia kwamba picha yake akiwa amelala ndiyo moyo wa hadithi yako ya picha na sauti, kwamba ikitoka panabaki shimo, na kwamba wenye ukumbi wa maonyesho wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Ukaniomba nimbembeleze. Nilijaribu.

“Mwalimu,” aliniuliza, “huyu maiti ni nani?”

“Ni wewe, bwana. Umelala.”

“Mimi? Mdomo wazi hivi? Nzi anaingia na kutoka bila hodi!”

Muuguzi alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nami, unanijua, nikaanza somo. Nilimweleza kwamba mtu mzima wa afya hawezi kujua uchovu wetu kwa kuambiwa tu, na kwamba picha ile inasema kwa mara moja kile ambacho daktari hukieleza kwa saa nzima. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono wake wenye mirija umelala juu ya mto.

“Umemaliza, Mwalimu?”

“Nimemaliza.”

“Basi sikia. Mchana uso wangu ni wa wateja. Wanautazama wee, hawana pengine pa kutazama. Huu wa usingizini ni wa mke wangu. Usiku anaamka, anawasha taa, anaangalia kama bado napumua. Ni wake huo. Siwezi kuugawa. Sauti chukueni, sauti nimeigawa mji mzima.”

Akageukia upande wa pili, akasinzia. Nami nikaifunga kompyuta.

Kwa hiyo itoe, mwanangu. Usimwombe tena, na usimtume mwingine. Pale palipokuwa na picha yake acha kiza kitupu, na sauti yake iendelee. Nimelijaribu hilo mwenyewe: niliweka visikilizio masikioni, nikafumba macho. Mashine ikavuma, halafu akaja Kinyozi katika kiza, anamsimanga daktari kwa upara, na nikamwona mzima mzima kuliko alivyo kwenye picha.

Hata hivyo nakubaliana nawe kwamba hadithi hii inahitaji mtu aliyelala. Bila usingizi ule haijawa kweli. Nimelifikiria wiki nzima.

Siku zile ulipokuwa nasi, kuna mchana nilikuwa kati ya kulala na kuamka. Nilisikia viatu vyako vikija, ukasimama mbele yangu, kisha ukapita bila kunipiga picha. Nilijua ni heshima, nami nikakushukuru kimoyomoyo. Lakini tangu mke wangu, mama yako mkubwa, atutoke, hakuna anayewasha taa usiku kuangalia kama napumua. Uso wangu wa usingizini umebaki hauna mwenyewe. Nakupa wewe.

Waombe wenye ukumbi siku chache, uje. Sitajitengeneza wala kunyoa ndevu. Ukinikuta nimelala, usiniamshe, na safari hii usinipite.

Mama yako anakusalimu, na mdogo wako pia, ambaye anataka kompyuta yake nami najifanya sisikii. Shangazi yako anasema unenepe kidogo. Mwambie mumeo ubishi wetu wa mpira haujaisha, na uwabusu pacha kila mmoja kwa zamu yake, wasije wakagombana.

Mungu ayalinde macho yako, mwanangu, na akupe watu wanaokubali kutazamwa nawe.

Wako akupendaye, macho na usingizini,
Baba Mkubwa