Utani Niliouingiza kwenye Usaili

Mtani wangu Kondo,

Mwadila. Nakusalimia kwa Kisukuma ulichokataa kujifunza kwa miaka kumi na moja tuliyofanya kazi pamoja, wewe na kamera, mimi na daftari. Leo huwezi kunikatiza, kwa hiyo nitaeleza kwa mpangilio.

Ofisi yetu ya Geita imefungwa. Miezi minne baada ya kukuzika hapa hapa mjini, mhariri alipiga simu kutoka Dar es Salaam akasema wafanyakazi wote wanahamishiwa makao makuu. Nafasi yangu wameishikilia hadi mwisho wa mwezi huu. Unamjua mama yangu. Macho yamekwisha kabisa. Pale nyumbani Didia, Shinyanga, anatembea kwa kushika ukuta, na hataki kusikia habari ya kulala mahali asipojua mlango uko wapi. Nikiwa Geita namfikia kila mwisho wa wiki; nikienda Dar, anabaki peke yake. Ndiyo maana niliomba kazi ya afisa mawasiliano kwenye kampuni moja ya uchimbaji hapa Geita, nikaitwa kwenye usaili.

Nakuandikia kuhusu usaili huo kwa sababu wewe ndiye uliyeuharibu.

Waliokaa mezani walikuwa wawili: mwenyekiti, mama wa makamo mwenye miwani, na dada wa rasilimali watu aliyekuwa anaandika. Robo saa ya kwanza ilikwenda vizuri, na ushahidi ninao. Yule dada aliandika mistari mizima. Mwenyekiti aliniuliza kuhusu habari zetu za fidia za ardhi, na nilipojibu akatoa swali lingine ndani ya jibu langu. Akauliza kama naweza kuanza mwanzoni mwa mwezi. Nikasema naweza hata kesho.

Ndipo akaingia wa tatu, kijana wa miaka thelathini na kitu, ambaye angekuwa bosi wangu. Akaomba radhi kwa kuchelewa. "Naitwa Pazi," akasema, na hapo hapo akauliza: "Wanakijiji wamefunga barabara ya mgodi, wana hasira, hawataki kusikia la mtu. Unaanzia wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Barabara kama hizo tumezikuta zimefungwa mara ngapi, mimi na wewe? Lakini niliposikia jina la Kizaramo kama lako, mdomo ulijifungua wenyewe. "Mtani! Swali zito namna hiyo umelitunga mwenyewe, au umeamshwa saa nne asubuhi ukashikishwa karatasi?"



Wewe ungenijibu kabla sijamaliza. Ungenicheka kwa viazi vyetu vya kukausha, "Mla michembe, nani amekufungulia zizi?" na mwenyekiti angecheka hadi avue miwani. Pazi alitazama karatasi yake. "Mimi nimezaliwa Moshi, mama. Hayo mambo siyajui. Tuendelee."

Nikafanya kosa la pili: nikaanza kueleza. Kwamba Msukuma na Mzaramo ni watani, kwamba sisi huwatania Wazaramo kwa kupenda usingizi, kwamba ukimtania mtani wako umemheshimu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuzama.

Kuanzia hapo niliiona kazi ikiondoka. Yule dada alifunga kalamu kwa kifuniko chake. Lile swali la barabara nililijibu, na nililijibu vizuri, lakini Pazi alisema "sawa" kabla sijafika katikati. Maswali yaliyobaki yalikuwa ya ndiyo au hapana. Habari ya mwanzoni mwa mwezi haikutajwa tena. Nilipouliza majibu yatatoka lini, mwenyekiti akasema, "Tutawasiliana," akasimama yeye kwanza, akanisindikiza hadi mlangoni kwa upole mwingi. Upole ule naujua, Kondo. Nimewafanyia watu wengi: unamshukuru, unafunga daftari, unamtoa nje huku ukijua hutatumia hata neno lake moja. Sikuwahi kufikiria kwamba na wao walikuwa wanaona.

Nje, mzee wa bodaboda aliyenileta alikuwa bado anangoja abiria.

"Vipi mama, umepata?"

"Nimekosa."

"Wamekwambia?"

"Bado. Wamenisindikiza hadi mlangoni."

Akatikisa kichwa. "Basi umekosa kweli. Wakikutaka, mlango unautafuta mwenyewe."

Hata hivyo nilisubiri uthibitisho, kama ulivyonizoesha. Ujumbe wa simu ulikuja siku ya kumi na mbili. Wamenishukuru kwa kuonyesha nia.

Nilikwenda Didia nikamwambia mama ukweli wote, na utani ule nikaurudia neno kwa neno. Hakucheka. Akauliza, "Huyo kijana alikuwa Kondo?"

Nikamwambia hapana, mama, ni mtu mwingine.

"Sasa mtoto wa watu unambebesha marehemu wako, Minza, na yeye hata hakumjua?"

Nikahesabu miezi nyuma. Siku ya maziko yako, kama ilivyo desturi ya watani, nilivaa kofia yako, nikajitundika begi la kamera, nikawasukuma waombolezaji kama ulivyowasukuma watu kwenye kila mkutano: "Sogea, sogea, mzee, kivuli chako kimeniharibia picha!" Dada zako walicheka huku wanalia. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kumtania mtu. Miezi saba. Inaonekana yote yalikuwa yamerundikana yakingoja Mzaramo wa kwanza, na wa kwanza akawa yule mwenye kazi niliyoihitaji.

Jumatano nina usaili mwingine, redio ya Shinyanga mjini, vipindi vya wakulima. Kutoka Didia nitakuwa naenda asubuhi na kurudi jioni. Baada ya huo hakuna mwingine kabla mwezi haujaisha.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Jumatano naingia peke yangu. Hata nikimkuta mezani Mzaramo mwenye jina lako lenyewe, nitamwamkia kama watu wanavyoamkiana ofisini, nijibu alichoniuliza. Nikikosa, nitajua kabla hawajasimama, na safari hii kosa litakuwa langu. Nikipata, atakayeambiwa kwanza ni mama.

Maneno mabaya yote ya utani nitakuletea wewe, Ijumaa, makaburini. Nitayasema kwa sauti, na wanaopita wanishangae.

Pumzika, Mzaramo. Kwa hilo najua sina haja ya kukubembeleza.

Mtani wako,
Minza