Konstebo na Zizi la Farasi

Shoga, mdomo wangu utaniponza! Nimetoka kituo cha polisi sasa hivi.

Nilikwenda kumwekea dhamana mdogo wangu. Yule konstebo wa kaunta, mshenzi yule, akanikejeli mbele za watu: "Mwalimu wa Kiingereza, hebu tufundishe, neno konstebo asili yake nini?"

Si nikamfundisha! Nikamwambia zamani konstebo alikuwa mwangalizi wa zizi la farasi.

Zizi, shoga! Watu wakaangua kicheko mpaka mahabusu, na aliyecheka kuliko wote ni mdogo wangu, mpumbavu yule.

Konstebo hakucheka. Akafunga kitabu cha dhamana polepole.

"Basi, mwalimu, farasi wako atalala zizini mpaka Jumatatu."

Leo Ijumaa. Mama yuko mlangoni ananiuliza, "Mwenzio yuko wapi?"