Kurasa Zako Ziko Kwenye Faili la Mvua

Mwalimu wangu,

Nakusihi, haya yabaki kwako peke yako. Usimwambie hata mama yangu, ingawa sasa mko upande mmoja. Unajua asivyoweza kukaa na habari. Usiukasirikie mwandiko huu. Naandika kwa haraka.

Tangu tukuzike hapo Ruiru, watu wengi wamekamatwa. Yule mzee wa Kalimoni, msemaji wa mikutano ya siasa, uliyekuwa ukiandika maisha yake, alichukuliwa akipalilia mahindi. Kesho yake askari wakafika kwako kutafuta karatasi. Mkeo akawapa Biblia na vitabu vyako vya shule. Daftari zenyewe nilikuwa nazo mimi, ndani ya shati.

Mwalimu, niliogopa. Saa za chakula, ofisini hapa Thika, nilizipiga taipu upya. Kila penye jina lake nikaweka “mzee mmoja.” Nikafuta kijiji chake, kanisa lake, hata mbuzi wake. Nikajiona mwerevu.

Kisha nikakumbuka kwamba kwako ukurasa haukuwa umekwisha mpaka asomewe mtu asiyejua kusoma. Nikaenda kwa Nyina wa Wambui, muuza uji wa karibu na stesheni. Nikamsomea polepole pale mzee mmoja anapokohoa, kisha anamwomba mjukuu wake maji kwa adabu nyingi, kama anayeposa. Mama huyo akacheka mpaka upawa ukamponyoka.

“Atiriri, karani! Huyu si yule wetu wa Kalimoni? Umemvua jina, kikohozi ukamwachia!”

“Polepole, mama, tafadhali.”

“Polepole ya nini? Si wewe umemleta hapa?”

Wanywaji uji wote waligeuka. Nikazikunja karatasi upesi. Lakini pia nilijivuna, Mwalimu, nisamehe. Ulizoea kuniambia, “Mkubwa usimtafute jukwaani. Uliza anaombaje maji.” Hata waandishi uliowapenda uliwapima hivyo, kwa sentensi zao ndogo, zile wasizozitolea jasho. Nilidhani ni maneno ya mwalimu tu. Kumbe ulimwandika mtu mpaka jina lake likawa la ziada.

Nilijaribu kuzichoma kurasa hizo. Niliwasha kiberiti mara mbili. Kila nikiutazama ukurasa, namsikia akikohoa.

Basi jana nilirudisha kila kitu, jina, kijiji, mbuzi. Nimeziweka kwenye faili la mvua, ambalo hafungui mtu ila mimi ninayeandika vipimo vya mvua kila asubuhi. Wakiligundua, nimekwisha. Hilo nalijua.

Naahidi hivi: akirudi, yeye ndiye nitakayemsomea kwanza. Akicheka, nitajua kitabu chako kimekamilika.

Kwaheri, Mwalimu. Ukiwa na neno la kusahihisha, njoo adhuhuri, bwana mkubwa akienda kula. Meza yangu ni ya pili, dirishani. Usipige hodi, siku hizi hodi inanimaliza. Ingia tu. Chini ya kila ukurasa nimekuachia mstari mtupu, kama ulivyotaka siku zote.

Karani wako